Ukuta wa Nyaya Zilizokatika

Kwenye ukuta wa gereji yetu hapa kijijini Kvarnsele, juu ya meza ya spana, kuna misumari sitini na mmoja, na kila msumari umebeba waya uliokatika. Kila waya una kadi, na kila kadi ina jina la mtu mzima mwenye akili zake timamu, aliyeamka asubuhi, akanywa kahawa, akavaa koti, akaingia garini na kuondoka huku gari lake bado limechomekwa kwenye umeme.

Huku kwetu kaskazini gari huchomekwa kama pasi. Baridi ikifika digrii thelathini chini ya sifuri, oili hulala ndani ya injini kama uji wa jana, na usipoipasha moto kwanza utaiua injini kwa mikono yako mwenyewe. Kwa hiyo kila uwanja una nguzo, kila nguzo ina soketi, na kutoka hapo waya mrefu unaingia puani mwa gari, hadi kwenye kipasha-joto cha injini. Kazi ya dereva ni moja tu, kuuchomoa kabla ya kuondoka. Moja! Na bado watu wanashindwa.

Ukuta huu aliuanzisha Sixten Lövgren, mwenye gereji kabla yangu, fundi aliyenifunza kazi. Sheria yake ilikuwa fupi. Ukikata waya, unauleta mwenyewe, unaandika jina na tarehe kwa mkono wako, unautundika, na Ijumaa inayofuata unaleta mikate ya mdalasini ya kuwatosha wote watakaopita. Hakuna msamaha. Mchungaji ana nyaya mbili. Hjördis, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule yetu na ambaye mpaka leo hukagua kucha za watu akisalimiana nao, ana nne, ingawa anaapa kwamba ule wa tatu ulitafunwa na mbweha.

"Mbweha yupi huyo asiyekula nyama, anakula umeme?" Sixten alimuuliza siku ile.

"Wewe cheka tu. Siku yako inakuja."

"Yangu haiji, mwalimu. Mimi nina macho."

Na kweli haikuja. Katika kijiji kizima tulikuwa wawili tu tusio na waya ukutani, yeye na mimi. Yeye kwa sababu alikuwa Sixten. Mimi kwa sababu niliogopa mdomo wake kuliko nilivyoogopa baridi.

Nilifika kwake nikiwa na miaka kumi na tisa, nimefukuzwa kiwanda cha mbao kwa kumjibu msimamizi. Wakati ule msichana kushika spana kulikuwa kichekesho cha wilaya nzima. Sixten alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu inaonekana.

"Unajua nini kuhusu magari?" miguu iliuliza.

"Najua kuendesha."

"Basi hujui kitu. Ufagio uko nyuma ya mlango."

"Mshahara je?"

"Fagia kwanza tuone kama unajua hata hilo."

Nilifagia kwa hasira mpaka vumbi likamfanya akohoe, naye akatoka chini ya lori akaniangalia, akavuta pumzi kidogo kwa midomo iliyokazwa. Fyu. Hiyo ndiyo "ndiyo" yetu sisi watu wa kaskazini. Nikajua nimepata kazi.

Natamani mngeiona gereji ile ya miaka hiyo. Jiko la kuni kwenye kona, birika jeusi juu yake, na benchi tulilolitengeneza kwa kiti cha nyuma cha gari lililokufa. Ijumaa saa tatu asubuhi watu walikuja wenye gari bovu na wasio na gari bovu. Walikaa, wakadondosha vipande vya jibini ndani ya kahawa kama walivyofanya bibi zao, wakala mikate ya mwenye dhambi wa wiki hiyo, na Sixten akatoa ushauri bure. Siku hizi kijana wa mjini huchomeka kompyuta kwenye gari na kompyuta inamwambia cha kufanya. Sixten aliweka kiganja juu ya boneti, akainamisha kichwa, akasikiliza. Ninayo hiyo kompyuta, naitumia, wala siitukani. Ila haijawahi kunichekesha.

Mambo yake mengi aliyasema mara moja tu, nami nimeyashika mpaka leo. Oili haipimwi gari likiwa kwenye mteremko wala injini ikiwa imezimwa sasa hivi. Egesha tambarare, nywa kahawa yako, ndipo uchomoe kijiti. Baridi ikiwa kali usivute hendibreki, itaganda na magurudumu yatagoma. Acha gari kwenye gia. Tangi lisishuke chini ya nusu, maana maji hujificha penye nafasi. Mpira wa mlango upake glisirini kabla ya theluji ya kwanza, ama utabaki umeshika kitasa. Betri haifi siku ya baridi, ilikufa tangu kiangazi, baridi imeleta taarifa tu. Osha chumvi chini ya gari, juu unaosha kwa ajili ya majirani. Kelele ikiacha yenyewe usishangilie, imekwenda kuita wenzake. Na ukibadilisha matairi, kaza nati, endesha kilomita mia, kisha kaza tena. Hapo kwenye "tena" alikuwa anagonga meza.

Jambo alilolipenda kuliko yote lilikuwa kadi. Kila gari lililotoka mikononi mwetu lilirudi kwa mwenyewe na kadi ya kijivu imefungwa kwenye ufunguo kwa uzi. Juu iliandikwa: Linaweza kusubiri. Chini iliandikwa: Haliwezi kusubiri. Alijaza kwa penseli nene ya seremala, kwa herufi kubwa ambazo hata mzee asiye na miwani angezisoma.

"Fundi mwenye tamaa huandika kila kitu chini," aliniambia. "Fundi mwoga huandika kila kitu juu, asimuudhi mteja. Wewe andika kilichopo."

"Na mteja akikasirika?"

"Atakasirika akiwa hai. Breki, usukani, magurudumu, hayo hayaandikwi juu kamwe. Hata gari likiwa la mama yako."

"Mama yangu hana gari."

"Basi hata likiwa langu," akasema, akarudi chini ya lori.

Alistaafu akiwa na miaka sitini na tisa, akaniachia gereji, lakini kila Ijumaa saa tatu kamili gari lake la buluu liliingia uwanjani, gari refu lenye buti la kubebea kuni, alilolinunua likiwa jipya mwaka ambao mkewe Aina alitimiza miaka hamsini. Aina alikwisha kufa. Mtoto wao Lisbet anaishi mjini Umeå, mwendo wa saa tatu. Sixten alibaki peke yake kwenye nyumba yao msituni, kilomita kumi na moja kutoka kijijini, na gari lile ndilo lililokuwa mkono wake, mguu wake na mdomo wake. Bila gari hakuna Ijumaa, hakuna benchi, hakuna Hjördis wa kumtania. Kuna misonobari tu na redio.

Baridi moja, miaka minne iliyopita, mwezi wa Novemba, aliniomba waya mpya.

"Wako umekufa?" nikamuuliza, nikiwa tayari nimeinua nyundo kwa ajili ya msumari.

"Wa jirani. Kauondokea."

"Mwambie aulete ukutani."

"Ana aibu."

Tulicheka. Januari akataka mwingine.

"Jirani yuleyule?"

"Yuleyule. Mjinga sana."

Nikampa. Alipokwisha kuondoka, nikiwa nafuta meza, ndipo nilipokumbuka kwamba jirani wa pekee wa Sixten alihamia kusini mwaka uliotangulia, na nyumba yake imefungwa mbao madirishani.

Nitasema ukweli, jambo la kwanza nililohisi lilikuwa furaha. Miaka arobaini mtu anatucheka, kumbe naye! Nikampigia simu Hjördis palepale, nikitaka tupange namna ya kumuumbua mbele ya benchi zima. Nilidhani atapiga kelele za shangwe. Badala yake alishusha sauti.

"Gudrun," akasema, "wiki iliyopita Sixten alisimama mlangoni kwangu akanipa pole ya mume wangu. Alivua kofia kabisa."

Mume wa Hjördis alikufa miaka kumi na mmoja nyuma, na Sixten alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

"Pengine alichanganya tu," nikasema.

"Pengine," akasema Hjördis, na hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu.

Nikanyamaza. Najua methali zote kuhusu ufa na ukuta, nimezibandika kwenye vichwa vya wateja wangu maisha yangu yote, lakini kwa Sixten nilinyamaza. Januari ikapita, Februari ikapita. Ijumaa alikuja, alikaa, alitania. Wakati mwingine alisimulia kisa kilekile mara mbili katika kikombe kimoja cha kahawa, nasi tukacheka mara mbili.

Machi gari la buluu lilitakiwa kwenda kwenye ukaguzi wa mwaka, na kama kawaida akalileta kwangu kwanza. Miaka yote alisimama nyuma yangu akinikosoa. Safari hii alikaa kwenye benchi na kofia magotini, akatazama moto. Nikalipandisha gari juu.

Kijiti cha oili kilitoka kimelowa mpaka juu kabisa. Alikuwa amejaza, akasahau kuwa amejaza, akajaza tena. Soketi ya mbele ilikuwa imeng'olewa na kufungwa kwa utepe, na juu ya utepe kulikuwa na utepe mwingine, na mwingine. Hayo niliyavumilia. Kisha nikafika gurudumu la nyuma la kushoto. Matairi ya baridi alikuwa ameyafunga mwenyewe Oktoba, kama miaka yote. Niligusa nati ya kwanza kabla sijachukua spana, nayo ikazunguka. Kwa vidole. Ya pili kwa vidole. Ya tatu kwa vidole. Mbili zilizobaki ndizo zilizokuwa zimelishika gurudumu, na Ijumaa hadi Ijumaa gari hilo lilipita mbele ya shule saa ambayo watoto wanavuka barabara na mikoba yao.

Nilikaa chini sakafuni.

Nilifikiria kumficha. Nasema wazi, niliwaza kabisa. Nitakaza nati, nitapunguza oili, na kila Ijumaa akiwa anakunywa kahawa nitatoka nje kama naenda chooni na kukagua kila kitu bila yeye kujua. Nani ataumia? Kisha nikawaona watoto na mikoba yao, nikajiona mpumbavu. Ningeweza kukaza nati za gari, lakini si zile zilizokuwa zinalegea kichwani mwake.

Nikachukua kadi. Juu niliandika: wipa, kutu kidogo mlango wa nyuma. Chini niliweka ncha ya penseli. Niliiweka pale mpaka ikatoboa kadi, na sikuandika kitu. Nikaenda kwenye benchi nikampa kadi na ufunguo.

Aliisogeza mbali na macho akasoma.

"Chini hujaandika."

"Nimekaza nati za nyuma kushoto. Tatu zilikuwa zinazunguka kwa vidole."

Aliinua kichwa na lile jicho lake la zamani. "Nani kazifunga? Mlete hapa."

"Wewe, Sixten. Oktoba."

"Mimi?"

"Na oili umejaza mara mbili. Labda tatu."

Hakubisha. Ningependa angebisha. Alitazama mikono yake, upande huu na upande ule, kama mtu anayetafuta mkono upi umefanya.

"Sikumbuki hata kuyavua ya kiangazi," akasema. Kisha, polepole: "Na jirani ulijua hayupo."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Januari."

Hapo akasimama. Alikuwa na miaka sabini na nane na aliinuka kama kijana, na sauti yake ikajaza gereji.

"Januari! Januari, Februari, Machi, mtu anapita na gari hilo mbele ya shule, nawe unamwangalia tu! Nilikufunza nini mimi? Miaka yote hiyo nilikufunza nini?"

"Breki, usukani, magurudumu," nikasema. Nilikuwa na miaka hamsini na nane, na nilisema kama mtoto darasani.

"Na mwenye gari je? Ukimwona kaharibika yeye, unaandika wapi?"

"Sixten, mimi siwezi. Siwezi kukuandikia hilo."

Hasira ilimtoka yote mara moja, mabega yakashuka. Alinyoosha mkono akachomoa penseli nyuma ya sikio langu, akaweka kadi juu ya meza ya spana, na chini, pale nilipotoboa, akaandika kwa herufi kubwa: DEREVA.

Alitazama alichoandika. Akavuta pumzi kwa midomo. Fyu.

Kisha akatoka nje, akafungua buti la gari lake, akainua tairi la akiba na kurudi na nyaya zilizokatika mikononi. Nilitegemea mbili. Zilikuwa saba. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye aliamua kujiumbua mwenyewe kabla kifo hakijafika. Aliomba nyundo na misumari. Aligonga saba kwa mstari mmoja ulionyooka, kila mmoja kwa mapigo mawili, kisha akakaa kuandika kadi.

"Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na nne."

Akaandika moja. Akaandika ya pili.

"Leo tarehe ngapi, Gudrun?"

"Kumi na nne, Sixten."

Alipouliza mara ya nne nililia, na sikujificha.

"Usilie juu ya kadi," akasema. "Penseli inafutika. Na Ijumaa nadaiwa mikate ya nyaya saba, hiyo ni sinia nzima. Nitaileta na nini sasa? Kwa miguu?"

"Nitakufuata."

"Na gari gani? Lile kopo lako?"

"Na lako."

Akafikiri. Akaniwekea ufunguo mkononi, na kadi bado ikining'inia kwenye uzi. Jioni ile alimpigia Lisbet mwenyewe, na Lisbet aliniambia baadaye kwamba baba yake alisema sentensi mbili tu: kwamba amestaafu udereva, na kwamba fundi aliyemkagua ni mzuri ila ni mzito wa kuandika.

Ijumaa nilikwenda kumchukua. Hjördis alikuwa ameapa kumkomesha, ameandaa maneno wiki nzima. Alipouona ule mstari wa kadi saba, zote zimeandikwa Sixten Lövgren, alisoma moja baada ya nyingine, akageuka.

"Saba," akasema. "Umenipita, mzee. Na wewe uliyekuwa na macho!"

"Ule wa tano ulitafunwa na mbweha," akasema Sixten.

Benchi zima liliangua kicheko, na Hjördis alicheka mpaka akashika ukuta.

Hivyo ndivyo zilivyopita Ijumaa zangu kwa miaka mitatu na nusu, na sidhani kama nitapata nyingine nzuri kama hizo. Nilifika kwake na gari la buluu saa mbili kasorobo asubuhi, nikalichomeka kwenye nguzo yake, nikaingia. Uji, kunyoa ndevu, kahawa, jibini ndani ya kahawa. Mlezi kutoka wilayani alikuja siku nyingine, lakini Ijumaa ilikuwa yangu. Kabla ya saa tatu tulitoka, nikamfunga mkanda, nikawasha. Naye, akitazama mbele kwenye kioo, kabla sijagusa gia:

"Waya, Gudrun."

"Najua!"

"Unajua umekaa. Kauchomoe."

Ilinikera. Miaka yote sijawahi kukata waya, eti nikumbushwe na mtu mwenye saba! Nilijaribu kumwahi, nikauchomoa kabla sijaingia garini, lakini alisema vilevile, na ikabidi nitoke nikamwonyeshe ncha yake ndipo akubali tuondoke. Baadaye nikaacha kushindana. Nikawa naingia, nawasha, nasubiri. Anasema. Natoka, nauchomoa, narudi. Ilikuwa kama salamu.

Baridi ya pili ilikuwa "Waya, binti," kwa sababu jina langu lilikuwa limemtoka. Baridi ya tatu mara nyingi ilikuwa "Waya, Aina." Sikumsahihisha. Mwishoni hakujua kama amekunywa kahawa akiwa ameshika kikombe, hakujua gereji ni ya nani wala zile kadi saba ni za mtu gani, akazisoma na kutikisa kichwa, akasema huyu Lövgren anapaswa kunyang'anywa leseni. Lakini injini ikinguruma, mkono wake ulipanda juu ya dashibodi, akasikiliza, akasema: "Waya."

Alikufa Oktoba iliyopita, kabla ya theluji, usingizini. Matairi ya baridi nilikuwa nimeyafunga wiki hiyo, yeye amekaa kwenye benchi. Nilikuwa nimeyakaza tena baada ya kilomita mia.

Ijumaa ya kwanza ya baridi kali, Desemba, nilikwenda kumsaidia Lisbet kufungasha vitu vya nyumba. Nilifika na gari la buluu, nikalichomeka kwenye nguzo bila hata kuwaza. Tulifunga vyombo vya Aina kwenye magazeti. Tulikunywa kahawa tumesimama, kwa kuwa viti vilikwisha kuchukuliwa. Ikikaribia saa tatu nikasema benchi linanisubiri, nikamkumbatia, nikatoka, nikaingia garini, nikawasha.

Nikakaa. Injini ilikuwa imepata moto vizuri, inanguruma taratibu. Nilikaa nimeshika usukani, natazama kioo, wala sikujua kwa nini siondoki. Kulikuwa kimya. Mwishowe nikaingiza gia.

Mlio wake ni kama tawi likivunjika. Lisbet alitokea dirishani, akaona waya umelala kwenye theluji, akaweka mkono mdomoni. Nilishuka nikauokota. Nilisimama nao uwanjani kwa Sixten, nimezeeka kazini, mwenye waya wangu wa kwanza.

Niligonga msumari wa sitini na mmoja mwenyewe, mwisho wa ule mstari wake ulionyooka. Wangu umekaa upande kidogo. Ijumaa iliyofuata nilileta mikate sinia mbili, na Hjördis akafika mapema makusudi, amevaa miwani yake ya kusomea, mkate tayari mdomoni.

"Hatimaye!" akasema. "Miaka arobaini na miwili nimeisubiri siku hii. Sogea nisome." Akainamia kadi. "Lakini we Gudrun, sheria ni jina na tarehe tu. Hapa chini umeongeza nini?"

"Si unajua kusoma, mwalimu? Soma."

Akasoma kwa sauti, kama alivyokuwa akisoma mbele ya darasa: "Nilikuwa namsubiri aseme."

Akavua miwani. Aliyoyaandaa kunitania yote akayameza. Alikwenda kukaa kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yake, akachukua mkate wa pili.